Kabla Hujaagiza Seti ya ELISA

Katika Hospitali ya Mount Sinai mjini Toronto, Kanada, watafiti wakiwemo Ioannis Prassas na Eleftherios Diamandis walikuwa wakisaka protini ya damu ambayo ingefichua saratani ya kongosho mapema. Walinunua seti ya ELISA iliyoandikwa kwamba inapima protini iitwayo CUZD1. Matokeo yalivutia mno, kwani wagonjwa walitofautiana waziwazi na watu wenye afya. Walipochimba zaidi wakagundua kuwa kingamwili zilizomo ndani ya seti ile hazikuwa zikiishika CUZD1. Zilikuwa zikiishika CA125, protini ya saratani inayofahamika tangu miaka ya 1980. Miaka miwili, dola 500,000 hivi na maelfu ya sampuli za wagonjwa vikawa vimeteketea. Waliichapisha habari hiyo, na ninawashukuru, maana wengi hunyamaza.

Karatasi iliyomo ndani ya boksi inaeleza sampuli alizozijaribu mtengenezaji. Zako hajaziona. Kama unapima viashiria vya ugonjwa au dawa za kibaiolojia, kuchagua seti ni kazi ya utafiti yenye majaribio yake, na haifai kuachiwa idara ya ugavi ilinganishe bei tatu za zabuni.

Kuhusu ELISA yenyewe sitakawia. Eva Engvall na Peter Perlmann waliitangaza kutoka Stockholm mwaka 1971, na mwaka huohuo Anton Schuurs na Bauke van Weemen wa Uholanzi wakachapisha njia inayofanana nayo. Katika muundo unaotumika zaidi, kingamwili ya kwanza imebandikwa ndani ya kisima ili inase molekuli unayoitafuta. Ya pili huishika molekuli hiyohiyo upande mwingine, ikiwa imebeba kimeng'enya kinacholeta rangi. Buluu inageuka manjano ukitia asidi, na mashine inasoma kwenye nanomita 450. Thamani ya seti iko kwenye jozi hiyo ya kingamwili na kwenye sampuli sanifu inayoandamana nayo. Programu ya bure ya kuchorea grafu isikupumbaze.

Andika sentensi moja kwanza

Usifungue katalogi kabla hujaandika sentensi moja yenye mambo matano: molekuli gani na katika hali gani, ndani ya seramu au plazma, ya watu gani, kwa kiwango gani unachotarajia, na uamuzi gani utakaotokana na namba hiyo. Kwa mfano: "Nataka kupima ferritin katika seramu ya watoto walio chini ya miaka mitano wanaoishi penye malaria, nikitarajia mikrogramu 5 hadi 1,000 kwa lita, ili nijue nani amepungukiwa madini ya chuma."

Sentensi hiyo inafanya kazi kubwa. Ferritin hupanda mwili unapopambana na maambukizi. Ndiyo maana WHO inaweka mpaka wa upungufu kwenye mikrogramu 12 kwa lita kwa mtoto wa umri huo aliye na afya, na 30 kwa mwenye maambukizi au uvimbe wa ndani. Basi utahitaji kupima CRP pia, protini inayoashiria uvimbe huo, la sivyo hutajua mpaka upi unamhusu nani. Na seti yako inatakiwa kuwa imara kati ya 12 na 30. Muuzaji akijisifu kwamba mkunjo wake unapanda hadi 2,000, mwambie hongera, kisha muulize inakuwaje pale chini.

Neno "hali" katika sentensi ile ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linaloangusha watu wanaofuatilia wagonjwa walio kwenye dawa za kibaiolojia. Chukua omalizumab, dawa ya pumu inayozishika IgE. Mgonjwa akichomwa sindano, IgE iliyo huru hushuka. IgE kwa jumla hupanda, kwa sababu ile iliyoshikamana na dawa huondoka mwilini polepole, na inaweza kubaki juu hadi mwaka mmoja baada ya dawa kusimamishwa. Aliyenunua seti ya IgE jumla ataona mstari unapanda na kudhani tiba imeharibu mambo. Aliyenunua seti ya IgE huru ataona mstari unashuka. Seti zote mbili zinasema kweli, ila zimeulizwa maswali mawili tofauti. Tocilizumab nayo huziba kipokezi cha IL-6, na kwa kuwa kipokezi hicho ndicho kinachosaidia kuiondoa IL-6 kwenye damu, kiwango chake hupanda baada ya dawa hata kama mgonjwa anapata nafuu.

Seramu au plazma? Hili nalo si la kumwachia muuguzi aamue kulingana na mirija iliyobaki stoo. Damu inapoganda, chembe sahani humwaga VEGF iliyokuwa imehifadhiwa ndani yake, kwa hiyo seramu itaonyesha VEGF nyingi kuliko plazma ya mtu yuleyule, saa ileile. Kama friza yako imejaa seramu za miaka iliyopita na swali lako ni VEGF inayozunguka mwilini, hakuna seti itakayokuokoa. Badilisha swali.

Ukipima dawa yenyewe

Dawa za kibaiolojia si habari ya mbali tena. Trastuzumab iliingia kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu mwaka 2015, adalimumab ikafuata mwaka 2019, na Desemba mwaka huo WHO ikaidhinisha kwa mara ya kwanza dawa mfanano ya trastuzumab. Kadiri dawa mfanano zinavyoingia hospitalini, ndivyo watafiti watakavyotaka kujua mgonjwa ana dawa kiasi gani katika damu na kama mwili wake umeanza kuikataa.

Seti za kupima dawa ni za aina mbili kuu, na wauzaji hawalisemi jambo hili kwa sauti. Aina ya kwanza hubandika shabaha ya dawa kwenye kisima, mathalani HER2 kwa ajili ya trastuzumab au TNF kwa ajili ya adalimumab. Hii huihesabu dawa ambayo mkono wake bado uko wazi. Aina ya pili hutumia kingamwili iliyotengenezwa mahususi kuitambua dawa hiyo peke yake. Ndani ya aina hii, nyingine huona dawa iliyo huru tu na nyingine huona hata iliyokwisha kushikamana na shabaha. Muulize muuzaji kwa maandishi. Akikujibu kwa kukutumia tena karatasi ileile ya matangazo, tafuta mwingine.

Kwetu tofauti hii inaweza kuvunja utafiti mzima. Tazama kingamwili za kuzuia malaria, CIS43LS na L9LS, ambazo zimejaribiwa Mali, na L9LS pia Siaya, magharibi mwa Kenya. Zote mbili huishika protini moja iliyoko juu ya kimelea kile kinachoingizwa na mbu, iitwayo CSP. Sasa fikiria umebandika CSP kwenye visima, ukamwaga seramu ya mkazi wa kando ya Ziwa Viktoria, halafu ukatumia kingamwili inayotambua IgG yoyote ya binadamu. Mtu huyo ameumwa na mbu maisha yake yote, ana kingamwili zake mwenyewe dhidi ya CSP. Mtoto aliyepewa chanjo ya malaria, RTS,S au R21, anazo nyingi zaidi. Pleti itang'aa manjano na utaita yote hayo dawa. Hapa seti ya aina ya pili ni lazima, na kila mshiriki achukuliwe sampuli kabla ya sindano ya kwanza. Seti iliyofanya vizuri kwa watu wa kujitolea wa Marekani ambao hawajawahi kuugua malaria haijathibitisha lolote kuhusu Siaya.

Kingamwili za mwili dhidi ya dawa ni ngumu zaidi. Seti nyingi hutumia mpango wa daraja: kingamwili ya mgonjwa hushika dawa iliyobandikwa kisimani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hushika dawa iliyotiwa alama. Lakini mgonjwa ana dawa hiyohiyo ndani ya damu yake! Ikiwa nyingi, inaikalia mikono yote na pleti inabaki nyeupe, nawe unaandika "hana". Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: dawa ikiwa kwenye damu kwa kiwango anachokuwa nacho mgonjwa kabla tu ya dozi inayofuata, seti yako bado inaweza kuona nanogramu 100 za kingamwili kwa mililita? Namba 100 siibuni. Ndiyo ambayo FDA ya Marekani iliipendekeza katika mwongozo wake wa mwaka 2019. Seti nzuri huwa na hatua ya kutia asidi ili kuitenganisha dawa na kingamwili kabla ya kupima. Na hata seti ikiwa nzuri, chukua damu kabla ya dozi, si siku mbili baada yake.

Mwongozo huohuo unataka ngazi ya kwanza ya uchunguzi iwe na mpaka unaoruhusu chanya bandia asilimia 5 hivi, kisha ngazi ya kuthibitisha iliyobana hadi asilimia 1. Mipaka hiyo inatokana na watu wasiowahi kupewa dawa, wenye ugonjwa uleule na kutoka jamii ileile. Mpaka uliochapwa kwenye karatasi ya seti umetokana na damu za watu wengine.

Damu ya nani ilitumika kuijaribu?

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliolinganisha plazma za Tanzania, Zambia na Marekani zilizochukuliwa kabla ya UVIKO-19. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekutana na kirusi kile, lakini plazma za Tanzania na Zambia zilizishika protini za SARS-CoV-2 mara nyingi zaidi kuliko za Marekani. Watu walioishi na malaria, minyoo na virusi vya mafua vya kila namna wana kingamwili nyingi zenye mikono mirefu. Baadhi yake hushika chochote zinachokutana nacho, zikiwemo kingamwili za panya na mbuzi zilizomo ndani ya seti yako. Zikiunganisha kingamwili ya kwanza na ya pili bila molekuli yoyote kati yao, rangi itatokea na hakuna kilichopimwa.

Wenzetu wa KEMRI-Wellcome Kilifi walilitatua tatizo hili kwa njia ambayo maabara yoyote yenye friza inaweza kuiga. Kabla ya kutafuta kingamwili za UVIKO-19 katika damu za wachangiaji nchini Kenya, walitoa seramu zaidi ya 900 za watu wa pwani zilizohifadhiwa kabla ya janga, wakazipima kwa ELISA yao. Umahususi ukatoka asilimia 99. Ndipo wakawa na haki ya kutangaza namba zao.

Wewe huhitaji 900. Seramu 30 za watu wasio na ugonjwa unaoutafuta, kutoka vijiji vilevile, zitakuambia mengi. Ongeza chache za wagonjwa wa baridi yabisi, maana damu yao mara nyingi ina kingamwili zinazoshika IgG nyingine, na hao ndio wanaopewa adalimumab na rituximab. Seti iwe na kizuizi cha kuzituliza kingamwili hizo korofi, na karatasi iseme hivyo.

Neno moja kuhusu vidonge vya kuotesha nywele na kuimarisha kucha. Vimejaa biotini, na seti nyingi hutumia mfungano wa biotini na streptavidini. FDA ilitoa tahadhari mwezi Novemba 2017 kwamba biotini nyingi kwenye damu inaweza kupotosha majibu. Weka swali hilo kwenye dodoso la washiriki. Ni mstari mmoja tu.

Kuisoma karatasi ya maelezo

Mtengenezaji akiandika "unyeti pikogramu 0.5", mara nyingi anamaanisha kiwango ambacho mashine inaanza kukitofautisha na maji matupu. Kiwango cha chini unachoweza kukiamini kama namba kiko juu zaidi. Tazama sampuli sanifu ya chini kabisa kwenye mkunjo, na uulize marudio yake yanatofautiana kwa asilimia ngapi. Watu wazima wenye afya wana IL-6 ya pikogramu chache tu kwa mililita, kwa hiyo seti inayoanzia 15 itakupa safu ndefu ya "haikuonekana".

Kipengele ninachokitafuta kwanza ni usambamba. Je, mtengenezaji alichukua damu halisi yenye kiwango kikubwa, akaizimua mara mbili, nne, nane, na majibu yakabaki yaleyale baada ya kuzidisha? Wengi huonyesha tu kwamba walitia protini ya maabara kwenye seramu wakaipata asilimia 80 hadi 120. Hilo ni jema, ila ni protini yao wenyewe waliyoitia. Protini ya binadamu ina sukari zake, imekatwa hapa na pale, imeshikana na nyingine, na kingamwili za seti zinaweza kuiona tofauti kabisa. Kama usambamba haupo kwenye karatasi, utaufanya mwenyewe.

Muulize pia kama sampuli yao sanifu imelinganishwa na kiwango cha kimataifa cha WHO. Vingi vya viwango hivyo hutunzwa NIBSC, Potters Bar, Uingereza. Cha IL-6 kina namba 89/548. Seti mbili za kampuni mbili zinaweza kutoa pikogramu tofauti kwa damu moja bila yoyote kuwa mbovu. Kwa sababu hiyo, usibadilishe seti katikati ya utafiti hata kama mpya ni nafuu.

Mwongozo wa kimataifa wa ICH M10, uliopitishwa Mei 2022, unataka vipimo vya dawa vya aina hii visikosee zaidi ya asilimia 20, au 25 kwenye ncha za mkunjo. Viashiria vya ugonjwa umeviweka nje ya mipaka yake. Watu huvitumia vigezo hivyo kwa viashiria kama mazoea, na si vibaya kuanzia hapo, lakini kiashiria kinachobadilika kwa asilimia 15 tu mgonjwa anapopona hakipimiki kwa seti inayoyumba kwa asilimia 20. Kinachopanda mara kumi kitavumilia hata seti dhaifu kidogo.

Pleti moja kabla ya kumi

Nunua pleti moja moja kutoka kwa kampuni mbili, au omba ya majaribio. Mawakala wengine hutoa. Weka sampuli zako mwenyewe: chache za chini, chache za juu, watu wawili watatu ambao una seramu na plazma zao za siku moja. Moja ya juu izimue mara nne mfululizo. Moja itie kiasi unachokijua cha sampuli sanifu uone kama utakipata. Nyingine igandishe na kuiyeyusha mara tatu. Ukiweza, mpe fundi mwingine aipime siku ya pili kwa visima vilivyobaki. Siku mbili hizo zitakufundisha kuliko mikutano yote na wakala.

Hesabu ya visima huwaumbua wengi wakati wa bajeti. Pleti ina visima 96, lakini mkunjo wa nukta nane kwa marudio mawili unakula 16, sampuli mbili za udhibiti za seti zinakula 4, na mbili zako mwenyewe za kufuatilia pleti hadi pleti zinakula 4. Vimebaki 72, yaani washiriki 36. Mwenye sampuli 300 na asilimia 10 ya marudio anahitaji pleti 10. Anayegawanya 300 kwa 96 ataagiza nne, kisha ataanza kupima kisima kimoja kimoja bila marudio.

Agiza zote za bechi moja, na ombi hilo liandikwe kwenye ankara. Uliza tarehe ya mwisho wa matumizi ya bechi hiyo kabla haijatumwa. Mzigo usiondoke kiwandani Alhamisi, ukafika Jomo Kenyatta au Julius Nyerere Ijumaa jioni na kungoja forodha hadi Jumatatu huku barafu kavu ikiyeyukia hewani. Vibali viwe mkononi kabla ya ndege kupaa.

Halafu kuna joto. Karatasi ikisema "joto la chumba" inamaanisha nyuzi 18 hadi 25. Chumba cha Kilifi au Dar es Salaam mwezi Februari bila kiyoyozi hakijui namba hizo. Rangi hukimbia, visima vya pembeni hupata moto kabla ya vya kati, na safu ya kwanza hutofautiana na ya mwisho. Tumia inkubeta au chumba chenye kiyoyozi na jenereta, na upende zaidi seti yenye hatua fupi, maana umeme haukusubiri umalize saa nne za kuloweka.

Seti zinazopima viashiria 30 kwa tone moja la damu zinashawishi, hasa damu ikiwa ya watoto wachanga. Mimi huziona zinafaa kwa kutafuta, si kwa kuamua. Kiwango kimoja cha kuzimua hakiwezi kufaa CRP na IL-6 kwa pamoja, na mashine yake hukufunga kwa kampuni moja kwa miaka. Tafuta kwa hizo, kisha thibitisha viwili vitatu vilivyobaki kwa seti ya kimoja kimoja.

Na boksi likiandikwa kuwa ni la utafiti tu, majibu yake yasiingie kwenye faili la mgonjwa hata daktari akikubembeleza.

Siku ya kazi yenyewe, andika namba ya katalogi, bechi, tarehe ya kufungua, kiwango cha kuzimua na joto la chumba kwenye kila ukurasa wa pleti. Chora mkunjo kwa mlinganyo wa vigezo vinne, kwani mstari mnyoofu utadanganya kwenye ncha zote mbili. Sampuli iliyozidi mkunjo izimuliwe na kurudiwa. Iliyo chini ya kiwango cha kuaminika usiiandike sifuri wala usiifute. Iandike kuwa iko chini ya kiwango hicho na ukitaje, kisha umwachie mtakwimu aamue namna ya kuitumia. Matokeo ghafi ya mashine yahifadhi kama yalivyotoka, kabla programu haijayagusa, kwa sababu mhakiki wa jarida atayaomba, na kwa kawaida huyaomba fundi aliyepima akiwa ameshahamia kazi nyingine.